Ruhusa na Mbao

Neno la mwezi: Nehemia 2:1–8, tena 5:1–5



Mwezi huu twawaomba mfungue kitabu cha Nehemia, sura ya pili, mstari wa kwanza hata wa nane. Na mkiisha kusoma msifunge kitabu upesi, kwani tutarudi humo mara nyingi.

Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta katika Shushani. Alipata habari ya kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka na malango yake yameungua. Alilia, akafunga, akamwomba Mungu. Tangu mwezi wa Kisleu hata mwezi wa Nisani, yaani yapata miezi 4, alikuwa akiomba, wala kazi yake ya kumpa mfalme divai hakuiacha. Siku moja mfalme akaona uso wake una huzuni, akamwuliza sababu. Nehemia akaogopa sana, akaomba kimoyomoyo pale pale, kisha akatoa haja yake: apewe ruhusa aende kuujenga mji wa baba zake. Mfalme akataka kujua safari itachukua muda gani, naye atarudi lini. Tena yasemwa kwamba malkia alikuwa ameketi karibu, akisikia yote. Nehemia akautaja muda. Ikawa vema machoni pa mfalme, akamruhusu.

Hapo watu wengi wangaliondoka mbio kwa furaha, wakawaambie jamaa zao kwamba jambo limekwisha. Lakini Nehemia hakuondoka. Aliongeza maombi mawili. Kwanza aliomba nyaraka za kuwapa maliwali njiani, wasimzuie. Kisha aliomba waraka wa kumpa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, ili apewe miti ya malango, na ya ukuta, na ya nyumba atakayokaa mwenyewe. Angalieni hilo la mwisho. Hata paa la kulala chini yake alilitaja mbele ya mfalme, wala hakuona haya.

Twaanza na habari hii kwa sababu ya swali ambalo huletwa kwa wachungaji na wazee wa sharika zetu kila mwaka, hasa katika miezi ile barua za vyuo vikuu vya ng'ambo zifikapo. Mtoto wa usharika amemaliza shahada yake ya kwanza, ameomba nafasi ya kusomea shahada ya pili, au udaktari wa elimu, huko Marekani au Uingereza au Ujerumani, naye amekubaliwa. Barua ni nzuri, ina muhuri, yamwita kwa jina lake na kumpongeza. Lakini mbele kidogo yasema kwamba chuo hakina fedha za kumpa. Gharama zote ni juu yake. Je, aitikie au akatae?

Barua hiyo ni ruhusa. Mbao hazimo ndani yake.

Habari kama hiyo imetufikia zaidi ya mara moja, nasi tutaieleza moja pasipo jina la mtu wala la usharika. Binti mmoja wa milimani, mwalimu wa shule ya sekondari, alikubaliwa na chuo kikuu cha Marekani asomee shahada ya pili ya afya ya jamii, kwa miaka 2. Chuo kilimwandikia kwamba karo, na chakula, na chumba, na bima ya mwaka wa kwanza ni kama dola 48,000, na ya kwamba sharti aonyeshe fedha hizo zilipo. Baba yake ni mkulima wa kahawa na migomba. Anacho kihamba kimoja alichoachiwa na baba yake, na makaburi ya wazee yamo humo kando ya migomba. Wadogo wawili wa binti huyo wangali shuleni.

Jamaa wakakutana. Baba mdogo wa binti, mtu mwenye bidii katika kanisa, akasema, "Mungu akifungua mlango, mwanadamu asiufunge kwa kuhesabu shilingi. Kaka, tuuze kihamba. Mtoto atarudi, naye atakununulia vihamba vitatu." Baba hakujibu neno. Mama ndiye aliyeuliza, "Na asiporudi?" Watu wakamtazama kana kwamba amemlaani mtoto wake mwenyewe.

Sisi twaona kwamba mama yule aliuliza swali lile lile la mfalme Artashasta. Tutamrudia baadaye.

Kwanza tuyapime maneno ya baba mdogo, kwani ni maneno ya mtu aliyesoma Biblia, nayo husikika sana katika nyumba za Wakristo. Asema kwamba barua ya chuo ni mlango uliofunguliwa na Mungu. Huenda ni kweli. Asema tena kwamba mwenye imani hahesabu. Hilo si kweli. Bwana wetu mwenyewe, katika Luka 14, aliwaambia makutano habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akapiga hesabu, asije akaweka msingi tu na kuchekwa na wapitao. Hakumlaumu mtu yule kwa kuketi. Tena kumbukeni jaribu lile juu ya hekalu katika Mathayo 4. Ibilisi hakumwambia Bwana aibe wala aue. Alimtaka ajitupe chini na kuwategemea malaika, tena alikuwa na andiko mkononi. Ilionekana kama tendo la imani kubwa. Bwana alikataa, akaliita jambo hilo kumjaribu Mungu. Hekalu lilikuwa na ngazi, ndugu zangu.

Basi tuseme wazi jinsi njia ya huko ilivyo, maana wazazi wengi huombwa fedha pasipo kuelezwa. Huko Marekani chuo hakimpi mgeni ile karatasi iitwayo I-20, ambayo kwayo huomba viza ya mwanafunzi, mpaka ameonyesha fedha za kumtosha walau mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza tu! Wa pili waweza kukosekana katika hati za benki, lakini njaa yake itakuja kwa wakati wake. Wako wasemao, "Atafanya kazi huko huko." Sheria ya viza hiyo yamruhusu kufanya kazi ndani ya chuo, si zaidi ya saa 20 kwa juma wakati wa masomo, na katika mwaka wa kwanza kazi ya nje ya chuo hairuhusiwi. Saa 20 za kupanga vitabu au kuosha vyombo zaweza kumpatia mtu chakula, na labda chumba. Karo hazilipi.

Uingereza shahada ya pili mara nyingi ni ya mwaka mmoja, na hilo ni nafuu. Lakini mwombaji wa viza sharti aonyeshe kwamba fedha zimekaa benki siku 28 mfululizo, tena kabla ya kusafiri hulipa ada ya matibabu, ambayo mwezi wa Februari 2024 ilipandishwa kuwa pauni 776 kwa mwaka kwa wanafunzi. Ujerumani ndiko kwenye nafuu kubwa zaidi, kwani vyuo vikuu vya serikali kwa sehemu kubwa havitozi karo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg limewatoza wageni wasio wa Umoja wa Ulaya Euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Walakini hata huko mgeni hutakiwa kwanza kuweka fedha za kula na kulala katika akaunti iliyofungwa, ambayo humpa sehemu yake kila mwezi. Katika Septemba 2024 kiasi hicho kilipandishwa kufika Euro 11,904 kwa mwaka. Viwango hivi hubadilika, na kila mmoja aulize upya kabla ya kutoa neno.

Hapa pana mtego, nasi hatuna budi kuutaja kwa jina. Wako watu wakusanyao fedha za jamaa watano katika akaunti moja, zikakaa siku zinazotakiwa, benki ikaandika barua, na kesho yake fedha zikarudi kwa wenyewe. Wako na wajomba watiao sahihi ya kwamba watamlipia kijana, nao wajua moyoni kwamba hawatalipa hata senti. Watu huyaita hayo karatasi za safari. Katika Katekisimo twayaita ushuhuda wa uongo, nayo yamekatazwa katika amri ya nane. Twajua kwamba wengine walipita njia hiyo wakarudi na shahada. Twajua pia wengine waliokaa katika mji wa baridi mwezi wa Januari, chuo kimewazuia kuendelea na masomo kwa sababu ya deni, na yule mjomba aliyetia sahihi hapokei simu. Ni kijana anayeachwa peke yake mbele ya uongo ule, si wale waliomsaidia kuutunga.

Sasa tufungue sura ya tano ya kitabu kile kile. Ukuta wajengwa. Kazi ni ya Mungu, mji mzima wachukua mawe, na adui wamezunguka. Katikati ya kazi hiyo kukatokea kilio cha maskini. Walikuwa wameweka rehani mashamba yao, na mizabibu yao, na nyumba zao, ili wapate nafaka na kulipa kodi. Wengine walikuwa wamefika hata kuwatoa wana na binti zao utumwani, wala hawakuwa na nguvu za kuwakomboa, kwa kuwa mashamba yalikwisha kuwa ya watu wengine. Nehemia alisikia, akakasirika sana.

Tulitafakari neno hili kwa kitambo. Ukuta ulikuwa ukiinuka upande mmoja, na nyumba za wajenzi zilikuwa zikianguka upande wa pili. Mtu mwingine angaliwaambia, "Kazi hii ni njema, basi vumilieni, ukuta ukiisha kusimama mtafaidika wote." Nehemia hakusema hivyo. Aliisimamisha hoja ya ukuta, akaitisha mkutano, akataka mashamba yarudishwe siku ile ile. Kwake yeye, wema wa kazi haukuwa sababu ya kula urithi wa watoto.

Elimu ni kazi njema. Kanisa letu limefundisha hivyo tangu mwanzo; Martin Luther mwenyewe mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwahimiza wafungue shule na kuzitunza, na mwaka 1530 akatoa mahubiri marefu juu ya wajibu wa wazazi kuwapeleka watoto shuleni. Lakini katika nyumba ile ya milimani wako watoto watatu. Kihamba ndicho kilichowalipia ada wote, kwa kahawa na ndizi na maziwa ya ng'ombe aliye zizini. Kikiuzwa kwa ajili ya mmoja, wadogo wawili watakuwa wamelipa karo ya dada yao, nao hawakuulizwa. Tena kihamba hakifanani na fedha. Fedha ikipotea huweza kutafutwa nyingine. Kihamba kikiuzwa kwa mtu wa mjini, akajenga nyumba yenye ukuta na geti, makaburi ya wazee yatakuwa ndani ya ukuta huo.

Wasomaji wetu hupenda kujua Luther mwenyewe alisomaje. Alipoingia chuo kikuu cha Erfurt mwaka 1501, aliyemlipia ni baba yake Hans, mtu wa kazi za shaba, kwa jasho lake, na Luther alilikiri jambo hilo kwa shukrani hata uzeeni. Hans alitaka mwanawe awe mwanasheria. Martin akapata shahada yake ya Magister mwaka 1505, na mwaka huo huo akaingia katika nyumba ya watawa, na baba yake akakasirika mno. Mlipaji alikuwa na kusudi lake, na mwana alikuwa na lingine. Jambo hilo hutokea milimani kwetu pia.

Lakini habari ya udaktari wake yatufaa zaidi. Mkuu wake katika shirika la watawa, Johann von Staupitz, alimtaka achukue udaktari wa teolojia huko Wittenberg. Luther alijitetea kwa sababu nyingi. Wala fedha hakuwa nazo, maana mtawa hana mfuko. Ndipo mtawala wa Saksonia, Friedrich aitwaye Mwenye Hekima, akakubali kulipa gulden 50 za gharama, na Oktoba 1512 Luther akaenda mwenyewe hata Leipzig kuzipokea kwa watunza hazina. Fedha hizo zilikuwa na agano ndani yake: Luther achukue kazi ya kufundisha Maandiko katika Wittenberg maisha yake yote. Akaichukua, akawa nayo mpaka kufa kwake mwaka 1546. Kabla hajavaa kofia ya udaktari alijua ni nani amlipiaye, na alijua analipiwa kazi gani.

Kijana asiye na mlipaji hudhani kwamba yeye yu huru kuliko Luther, kwa kuwa hakuna mtawala aliyemfunga. Sivyo. Deni nalo lina agano lake, tena ni agano gumu kuliko la Friedrich, kwani halimwulizi mtu vipawa vyake wala nadhiri zake. Kitabu cha Mithali chatuonya kwamba akopaye huwa mtumwa wa akopeshaye. Tuseme binti yule amesoma miaka 2 kwa mkopo na kwa bei ya kihamba, akamaliza vizuri. Alikwenda kusoma afya ya jamii ili awatumikie akina mama na watoto wa vijijini. Ndivyo alivyoandika katika barua yake ya kuomba nafasi, naye aliandika kwa moyo wa kweli. Sasa hospitali ya kanisa yamwita. Mshahara ni wa shilingi, na deni ni la dola. Hata akitaka kwa moyo wote hawezi kuitika. Atachukua kazi yoyote ilipayo vizuri, mahali popote, na ikiwezekana huko huko ng'ambo, mwaka baada ya mwaka. Watu wa kwao watasema ameharibiwa na Uzungu. Kumbe hakuharibiwa na kitu, analipa tu.

Kwa hiyo mama aliyeuliza "Na asiporudi?" hakuwa na shaka juu ya upendo wa mtoto wake. Alikuwa amepiga hesabu kuliko wanaume wote waliokaa katika kikao kile.

Basi afanyeje mwenye barua? Aombe mbao. Nehemia hakuona kwamba kuomba miti ni kumkosea mfalme aliyempa ruhusa, wala kijana asidhani kwamba chuo kitachukizwa na swali la adabu. Kabla ya kujibu ndiyo au siyo, awaandikie walimu wa idara iliyomchagua, ashukuru, aseme kwamba angependa kuja lakini fedha hazimtoshi, aulize kama iko nafasi ya kusaidia kufundisha au kusaidia katika utafiti, au kupunguziwa karo, au kuwekewa nafasi yake mpaka mwaka ufuatao. Vyuo vingi vya Marekani vimepatana kwamba mtu aliyeahidiwa fedha asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Liko jambo moja katika desturi hiyo: baada ya siku hiyo fedha zilizokataliwa na wengine huweza kurudi mezani. Barua iliyojibiwa "hakuna" mwezi wa Machi huweza kujibiwa vingine mwisho wa Aprili. Si ahadi, ni sababu ya kuuliza mara ya pili.

Wako pia walipaji wasio vyuo. Serikali ya Uingereza ina ufadhili uitwao Chevening kwa shahada ya pili ya mwaka mmoja. Humtaka mtu awe amekwisha kufanya kazi walau miaka 2, na akimaliza arudi kwao akae walau miaka 2. Ujerumani ina shirika la DAAD. Hao nao, kama mfalme, huuliza utarudi lini, na mtu asikasirike kwa swali hilo. Ila maombi yao hupokewa mapema sana. Chevening kwa kawaida hufunguliwa mwezi wa Agosti kwa masomo yatakayoanza mwaka unaofuata. Aliyengoja barua ya chuo kwanza ndipo atafute mlipaji, amechelewa mwaka mzima. Mwaka huo si hasara kubwa. Nehemia alikaa miezi 4 akiomba, naye alikuwa na haja ya haraka kuliko shahada.

Juu ya udaktari wa elimu twataka kusema neno gumu, afadhali lisomwe hapa kuliko kugunduliwa huko. Katika Marekani desturi ya vyuo vingi ni kwamba mwanafunzi wa udaktari husamehewa karo na kupewa posho, naye hufundisha au husaidia katika utafiti. Basi chuo kimpacho mtu nafasi ya udaktari pasipo fedha yoyote, mara nyingi kimemwambia kwa upole kwamba hakikumhesabu miongoni mwa wale kiwatakao hasa. Kazi hiyo huchukua miaka 5 au zaidi. Kwa maoni yetu nafasi ya namna hiyo ikataliwe, na mtu aombe tena mahali pengine, isipokuwa yuko mwajiri au kanisa lililoandika na kutia sahihi kwamba litalipa mpaka mwisho. Shahada ya pili ni shauri jingine, kwa kuwa ni fupi, nayo kwa desturi haina ufadhili mwingi. Hapo mtu apime nyumba yake.

Maana hatusemi kwamba kila aendaye kwa fedha za nyumbani hutenda dhambi. Wako wazazi wenye akiba, ambao wakiipoteza yote hawatalala na njaa wala kumtoa mtoto mwingine shuleni. Wako waliojiwekea wenyewe fedha miaka mingi kwa ajili ya mwaka mmoja wa masomo katika chuo kisichotoza karo. Hao na waende kwa amani. Lakini tuwape wazee wa kanisa njia moja ya kupima: je, huyu anayelipa aliulizwa akiwa peke yake, mahali ambapo aliweza kukataa? Baba yule wa milimani aliulizwa mbele ya ndugu zake wote, baada ya sala. Kunyamaza kwake hakukuwa kukubali.

Na hapa sharika zetu zijiangalie. Nehemia alipofika Yerusalemu alikaa siku 3, kisha akaondoka usiku na watu wachache, akauzunguka ukuta na kutazama mabomoko, wala wakuu hawakujua alikokwenda. Baada ya kuona kwa macho yake ndipo akawaita watu. Kwetu huwa kinyume. Barua ikifika Ijumaa, Jumapili jina la kijana hutangazwa kanisani, kwaya huimba, na kamati ya harambee huundwa mlangoni. Toka siku hiyo kijana hana tena nafasi ya kukataa, kwani akikataa atakuwa amewaaibisha watu wote. Na fedha za harambee zikihesabiwa, mara nyingi hutosha tikiti ya ndege na koti la baridi. Nauli si karo. Wachungaji na wasitangaze jina la mtu kabla ya yeye mwenyewe kuketi na karatasi na kalamu, pamoja na mtu mmoja anayejua hesabu, akaandika miaka yote ya masomo na si mwaka wa kwanza tu.

Kwa wale waliokataa nafasi, au watakaokataa mwaka huu, twasema hivi: hamkuzika talanta. Paulo naye alitaka kwenda Bithinia, kazi njema ya Injili, akazuiwa na Roho. Akashuka Troa, na huko usiku akaonyeshwa Makedonia. Wako wanaodhani kwamba elimu isiyovuka bahari si elimu. Makumira ni chuo cha kanisa letu wenyewe. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilianzishwa hasa kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi na nyumba zao wakasome. Mtu aweza kusoma hapa kwa fedha za kazi yake mwenyewe, na aweza kwenda ng'ambo baadaye, akiitwa na mtu aliye na mbao.

Binti wa habari yetu aliandika barua. Chuo kilimjibu kwa heshima kwamba fedha hakina, lakini kitamwekea nafasi yake mwaka mmoja. Amepeleka maombi ya ufadhili mahali pawili, na hata tunapochapa gazeti hili hajapata jibu. Angali akifundisha. Kihamba hakijauzwa. Baba mdogo hakupendezwa na shauri hilo, na mpaka leo asema nafasi imepotea kwa uoga. Walakini alikuwa wa kwanza kumpelekea binti nakala ya hati zake zilizopigwa muhuri mjini.

Walimu watakaofundisha habari hii katika vipindi vya vijana, twawaomba wasianze na dola na viza. Waanze na sura ya kwanza, machozi ya Nehemia na miezi 4 ya maombi, kwa Jumapili moja nzima. Jumapili ya pili wasome ruhusa na mbao, na ya tatu kilio cha sura ya tano. Kisha wamwalike mtu wa usharika aliyewahi kusoma ng'ambo, aeleze hesabu zake zote, alizolipa na alizolipiwa na anazodaiwa hata sasa, na wazazi wawepo siku hiyo, akina mama hasa.